Kijiko cha Chai

Miaka mitatu nyumba ya Bi Mwanakheri haikuwa na kijiko hata kimoja. Vyote mwanawe Athmani alivichomea unga wa kulevya, akavitupa uani vimejaa masizi. Chai ikawa inakorogwa kwa mpini wa kisu, na wageni walishazoea.

Asubuhi Athmani aliporudi kutoka soba hausi alikoachishwa unga, mashavu yamejaa, mama alikuwa ameshapita dukani. Alimwekea kikombe cha chai, na pembeni kijiko kipya kinachong'aa. Alitaka mwanawe aone kwamba anaaminiwa.

Athmani hakukigusa. Mikono aliibana mapajani.

"Mama, usinielewe vibaya. Kiondoe hiki. Bado."

Bi Mwanakheri alitaka kumwambia kimenunuliwa kwa ajili yake. Badala yake akakichukua, akamkorogea chai kama alivyomkorogea utotoni, kisha akakifutafuta na kukifunga kwenye pindo la kanga.

"Utaniambia siku ukikitaka," alisema.

"Na nisipokuambia?"

"Basi nitakukorogea."

Siku nzima, kila alipoinama kufagia, lile fundo la kanga lilimgonga gotini.