Hapa Hatupigi Hodi

Myolngu, mwenyeji wa asili wa kaskazini mwa Australia, akifika kwenye maji ya ukoo wake hupaza sauti, mababu wajue nani kaja. Basi nilimwinua mwanangu juu ya dimbwi, nikavuta pumzi.

Kiganja cha Bibi Guymun kikaniziba mdomo. Kilinuka udongo wa viazi pori tulivyochimba asubuhi.

"Wee! Hapa hatupigi hodi."

"Si wewe bibi uliyenifundisha kuita?" nikanong'ona kati ya vidole vyake.

"Mama yangu naye aliita hapa. 'Mababu, nimewaletea mtoto!' Wazungu wenye bunduki walikuwa nyuma ya miti ile, juu ya farasi. Hawakujua watu wetu wako wapi mpaka alipoita."

"Mtoto gani?"

"Huyu unayemwita bibi."

Mwanangu akaanza kulia. Kiganja kikaniachia mdomo, kikamfuata yeye.