Kipande cha Katikati

Nyuzi za sitar zilikuwa bado zinavuma Urvi alipoinua macho kumtafuta baba yake. Ncha ya kidole chake cha shahada ilikuwa na mfuo mweusi, pale ambapo waya ulikuwa ukiikwaruza tangu utotoni.

Ukumbi mzima wa harusi, hapo Kasese, ulilipuka kwa vigelegele. Baba hakupiga hata kofi moja. Nyumbani kwao mpigaji hasifiwi. Muziki ulitoka kwa babu, ambaye ndiye aliyemfundisha Baba, na kila Baba alipotaja jina la mzee yule alishika kwanza ndewe ya sikio lake mwenyewe, kwa heshima. Hakuwahi kumshikia sikio mtu mwingine yeyote.

Na leo Urvi alikuwa amevuka mpaka. Katikati ya wimbo wa babu alichomeka kipande chake mwenyewe, alichokitunga dukani kwao akisikiliza malori ya saruji yakija kutoka Hima, yakinguruma na kushusha pumzi.

Mama mmoja Mkongomani, muuza vitenge wa Mpondwe, alimwendea Baba huku akijifuta machozi.

"Papa, pale katikati paliniliza. Ile kipande iko ya nani? Ya mzee wako?"

Urvi alizifunika nyuzi kwa kiganja.

"Hapana, mama," Baba akasema. "Baba yangu hakukijua hicho."

Mkono wake ukapanda taratibu, vidole viwili vikaishika ndewe ya sikio.

"Hicho ni cha Urvi."