Ushanga wa Bluu

Siku mbili kabla ya harusi yake, Raya alimfuata mama yake wa kambo, Kidawa, maabarani. Mkononi kashika kidani cha shanga nyekundu kilichokatika, kitu pekee alichoachiwa na marehemu mama yake.

Kidawa aliisogeza kando hadubini aliyokuwa akitazamia bakteria waishio ndani ya seli za kupe. Uzi hakuwa nao. Akaifungua bangili yake ya shanga za bluu, akazipukutisha, na kwa uzi huohuo akatunga zile nyekundu moja moja. Alipomaliza ndipo alipouona ushanga mmoja wa bluu umesalia katikati.

“Nisamehe, mwanangu. Nautoa sasa hivi.”

Raya akamshika mkono. “Hao bakteria wako, wakikutana wa aina mbili ndani ya seli moja, ulisema huwaje?”

“Mmoja huweza kuchukua kipande cha urithi wa mwenzake, akakifanya chake, na wanawe wakazaliwa nacho.”

“Na anabaki yuleyule?”

Kidawa aliutazama ule ushanga wa bluu. “Anabaki. Na pengine kipande hicho ndicho kitakachomvusha.”

Raya akamgeuzia mgongo, akazikusanya nywele zake juu kwa mikono miwili, akainamisha shingo, akangoja.