Sheria ya Mlango wa Fausta

"Huingii. Rudi huko huko ulikotoka," Fausta alimwambia mdogo wake, Maiko, na mguu akauweka kwenye kizingiti.

Maiko alikuwa ametoka kijijini Mamba na basi la alfajiri, kiroba cha mchele begani, vumbi hadi kwenye nyusi. Ndani, nyuma ya pazia, baba yao, mzee Bartolomeo, alikuwa akiita.

"Ni Maiko huyo? Mwacheni mwanangu aingie."

"Kakataa barakoa, baba!" Fausta alijibu kwa sauti ya kufika barabarani, maana alitaka mtaa mzima wa Nsemulwa usikie.

Ilikuwa miezi ile ambayo watu wa Mpanda walizikana huku wakiambiana ni changamoto ya upumuaji. Korona ilitajwa kwa kunong'ona. Wengi walijifukiza, wakanywa tangawizi, kisha wakaenda kusongamana gengeni pua wazi. Fausta aliwadharau wote, na sababu alikuwa nayo. Baba yake alitoka mgodini na kifua nusu. Ugonjwa ule ukimgusa, basi. Na mzee huyo ndiye mtu pekee duniani aliyewahi kumsifu Fausta kwa lolote.

Basi akaweka sheria. Alikata kitenge chake kizuri chenye picha za kuku wa njano, akashona barakoa ya tabaka tatu, akapigilia msumari pembeni mwa mlango na kuitundika, akatega ndoo ya maji na sabuni. Mgeni ananawa, anavaa, anaingia. Akitoka anavua, ananawa tena. Mama yake, bi Tereza, alilalamika kwamba wageni wanaona wanatukanwa.

"Bora watukanwe kuliko waje kula wali wa matanga," Fausta alisema.

Na watu walitii, maana mdomo wa Fausta walikuwa wanaujua. Mama wa maziwa alivaa. Balozi wa nyumba kumi alivaa huku amenuna. Hata mzee mwenyewe, akitolewa nje asubuhi kuota jua, alitoka na kuku wa njano puani. Watoto wa jirani walicheka mpaka wakafukuzwa kwa ufagio.

Asubuhi hiyo Maiko alipofika, katekista Method ndiyo kwanza alikuwa anatoka kusali na mzee. Alivua, akanawa kwa utaratibu, akakohoa hadi akashika ukuta, akaaga.

"Haya, vaa," Fausta alimwambia Maiko.

Maiko alitazama barakoa mkononi mwa dada yake. "Hiyo siivai."

"Katekista mzima kavaa, we nani?"

"Nimemwona, dada. Ndiyo maana siivai. Ngoja kwanza nikatafute ya..."

"Nyie ndio mnaoua watu kwa ujuaji wenu!"

Mlango ukafungwa kwa kishindo. Maiko akazunguka dirishani.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Sogea nikuone, macho yangu hayafai siku hizi."

Mzee alipitisha vidole kwenye nondo, na Maiko hakuwahi kuvishika. Fausta aliuvuta mkono wa baba yake ndani, akafunga dirisha, akasema Maiko akirudi tena ataitiwa mgambo. Mchele uliachwa kwenye ngazi. Mzee alilia siku nzima kama mtoto aliyenyimwa ziwa, na Fausta akamfuta machozi, moyo wake umetulia kabisa. Alijua amemwokoa.

Wiki haikuisha, kifua cha mzee kikabana. Alibebwa kwenda hospitali midomo imekuwa ya bluu, na hakurudi akiwa hai.

Makaburini Maiko aliinama, akachota udongo. Fausta akamdaka mkono mbele ya watu wote.

"Weka chini! Ulimpulizia dirishani, ukamuua. Huna baba hapa."

Waombolezaji wakaangalia chini. Wengi waliamini. Sheria ya Fausta ilijulikana mtaa mzima, na aliyeivunja alikuwa mmoja tu. Maiko aliacha udongo umwagike kwenye viatu vyake. Sala iliongozwa na katekista wa kigango kingine, kwa kuwa Method alikuwa kitandani na mafua mabaya. Mama wa maziwa naye hakuonekana.

Waliporudi nyumbani, bi Tereza alikuwa amelala chumba cha ndani. Hakwenda kumzika mumewe. Tangu jana yake alikuwa na homa, na sasa kikohozi chake kilisikika hadi uani. Watu wakapanga foleni mlangoni kumpa pole. Balozi wa nyumba kumi aliingia, akakaa kidogo, akatoka akijipangusa jasho la usoni. Aliyefuata alikuwa shangazi Katarina, dada wa marehemu, mwanamke wa miaka themanini aliyekongoja na fimbo.

Fausta alisimama kwenye kizingiti, macho yamevimba.

"Baba wameniulia. Mama simwachii mtu," alisema. "Haingii mtu humu pua wazi, hata awe nani."

"Mwanangu una akili," shangazi alimwambia. "Wangekuwa wote kama wewe, kaka yangu angekuwepo."

Maneno hayo yalimwingia Fausta, akalia kidogo. Kisha akanyoosha mkono kwenye msumari, akatungua barakoa ya kuku wa njano, ile ile aliyomvua baba yake siku alipobebwa kwenda hospitali. Ilikuwa bado mbichi kwa pumzi za balozi. Akamfunga shangazi yake kwa upole, nyuma ya masikio.

"Funika na pua, shangazi," alisema. "Ukitoka, mpe anayefuata."