Pedali ya Tatu

Giaboksi aliyoiteremsha Zebedayo haikuwa na ugonjwa hata kidogo, na hilo ndilo lililomnyima raha. Mafuta yake yalikuwa safi. Gari lenyewe, la Kimarekani, lilikuwa likijibadilishia gia bila kelele, la pekee la namna hiyo Tanga nzima mwaka ule wa hamsini na tano. Fundi mwenye akili zake hampasui asiyeumwa.

"Litoe hilo dude," Bi Asmahani alikuwa amemwambia. "Nifungie gia za mkono na klachi. Ijumaa, kabla meli ya Mombasa haijatia nanga, gari liwe tayari."

"Bwana Mwinyijuma anajua?"

"Gari limenunuliwa kwa minazi ya marehemu baba yangu, Zebedayo. Aniruhusu nani?"

Kweli, minazi ilikuwa ya baba yake. Lakini kiwanja cha gereji kilikuwa cha mumewe, Mwinyijuma, pamoja na kibanda cha nyuma alimolala Zebedayo na mkewe Dorkasi na watoto. Na Mwinyijuma alikuwa na mdomo! Siku aliyosafiri kwenda kwa daktari Mombasa alipita gereji akichechemea, kiatu kimoja amekikata mbele kwa ajili ya kidole kilichovimba, akamfokea Zebedayo kwa vumbi la kwenye kioo mpaka wapita njia wakasimama. Kidole kilivimba, ulimi haukuvimba.

"Mtu akiligusa gari langu nikiwa Mombasa," alisema, "atahama na mabati yake."

Zebedayo alijikaza akamuuliza Bi Asmahani, "Lakini kwa nini klachi, bibi?"

"Mie baba alinifunza kwa lori la nazi. Hili lisilo na klachi siliwezi."

Uongo mtupu. Aliyeweza lori la nazi kwenye mchanga wa Ushongo hashindwi na gari ambalo hata mbuzi angeliendesha. Zebedayo alifungua kinywa aseme hivyo, Bi Asmahani akamwahi.

"Nimekuita ufunge klachi au unisomeshe?"

Basi Zebedayo akadhani ameelewa. Mji mzima ulijua kwamba Mwinyijuma ana mke mdogo, Mboni, huko Maramba, na kwamba gari lile lilijua njia ya Maramba kuliko ng'ombe ajuavyo njia ya mtoni. Ramadhani nzima Bi Asmahani alifuturu peke yake. Mwanamke wa hivyo akitaka gari la kuendesha mwenyewe kabla mume hajarudi, anakwenda wapi? Anakwenda kwao Pangani, wala harudi. Na atakayeulizwa ni fundi.

Moyo ulimwambia akatae. Lakini alimwonea huruma, na huruma ndiyo imtiayo mtu mkono asikotumwa.

Vipuri vilipatikana kwa taabu. Giaboksi, klachi na pedali yake alizing'oa kwenye gari la aina ileile, ila la gia za mkono, lililopinduka shamba la mkonge, njia ya Muheza. Propela, ile nondo ndefu ipelekayo nguvu magurudumu ya nyuma, ikawa fupi, ikabidi ikaunganishwe. Alhamisi jioni ndipo alipogundua kwamba nyuma ya injini hamna ile bushi ndogo ya shaba inayoshika ncha ya shafti ya giaboksi, maana gari lisilo na klachi halina haja nayo. Bila bushi, giaboksi ingejitafuna njiani. Alikimbia kwa Laurenti, mchonga vyuma, akamkuta anafunga mlango, akambembeleza mpaka akamchongea.

Ijumaa asubuhi meli ilipiga honi nje ya Raskazone, naye Zebedayo yungali chini ya gari.

Bi Asmahani alikuja na buibui lake, akaingia, akaikanyaga klachi kwa mguu wa kushoto.

"Nyepesi hii. Ikaze."

"Bibi, nyepesi ndiyo raha ya dereva."

"Ikaze, nakwambia. Iwe ya kumshughulisha mtu."

Akaikaza.

"Haya, panda nyuma. Gia zikigoma barabarani, uwepo."

Hapo ndipo alipoogopa hasa. Kuulizwa ni jambo moja. Kukutwa ndani ya gari na mke anayemtoroka mumewe ni jambo jingine kabisa. Alipanda huku akimwomba Mungu wake. Bi Asmahani alitia gia, akaiachia klachi polepole, gari likaondoka bila hata kustuka. Walipofika njia panda, Zebedayo alifumba macho. Kulia ni Pangani.

Gari likapinda kushoto, likateremka bandarini.

"Bi Asmahani! Huku ndiko anakoshukia!"

"Najua."

Alilisimamisha mbele kabisa ya lango. Shangazi zake Mwinyijuma walikuwapo, na nduguye Sadalla, mkononi telegramu ya Mombasa iliyochakaa kwa kusomwa, na cha ajabu ni kwamba wanawake wote walikuwa wakilia. Zebedayo alishuka upesi, akajibanza nyuma ya gari, akimfikiria Dorkasi na mahali atakapowalaza watoto usiku ule.

Sauti ya Mwinyijuma ilitangulia, kama kawaida yake. Kisha akatokea mwenyewe, magongo mawili makwapani, mguu mmoja wa suruali umekunjwa juu na kubanwa kwa pini.

"Mnanililia nini?" alifoka. "Wameukata wa kushoto tu. Tangu lini gari langu likataka mguu wa kushoto?"

Bi Asmahani hakushuka. Alijinyoosha kutoka kwenye usukani, akamfungulia mlango wa abiria.