Skyline ya Baba Thulasi

Vasanthi alikuwa ameshatega mabeseni matatu jikoni, na bado tone la nne likamdondokea shingoni. Alitazama nje. Kule uani, ndani ya banda lililoezekwa mabati mapya, Skyline nyekundu ilikuwa kavu kabisa, imevikwa turubai lake, pua imenyanyuka kidogo kama mtu anayewaringia majirani.

"Gari linalala pakavu, mimi naogea jikoni," alisema peke yake.

Mvua ya mji wa Taiping haina likizo, na mumewe alilijua hilo. Lakini kila alipomwambia wauze gari waezeke nyumba, Selvarajoo, mkaguzi wa tiketi za treni aliyestaafu, alikuwa na jibu moja tu.

"Tutaona, Mama Thulasi."

Miaka miwili ya tutaona. Afadhali basi angekuwa analiendesha. Zamani, lilipokuwa jipya, alikuwa akimpakia mkewe kila Jumapili wakaenda Kuala Sepetang kula kaa, injini ikinguruma mpaka mbwa wa barabarani wanakimbilia uvunguni mwa meza. Alilitamani gari la namna ile tangu ana miaka ishirini na miwili, akalidundulizia nusu ya maisha yake. Sasa hata ufunguo hautii. Kila Jumamosi analifunua, analipiga nta, anakaa nyuma ya usukani nusu saa, kisha analifunika. Akiulizwa, anasema petroli imepanda.

Wiki iliyopita Vasanthi alishindwa kuvumilia.

"Kaka yangu Murugesu aliuza kiwanja chake ili mimi nipasuliwe moyo," alimwambia. "Wewe hukuuza hata taa ya gari. Mimi nakata roho, wewe unapiga nta."

Selvarajoo alimalizia chai yake, akasuuza kikombe. "Murugesu ni mtu mwema," alisema, akatoka kwenda kupalilia mbilimbi.

Jibu hilo ndilo lililomchoma. Mtu unamtukana, naye anakubaliana nawe.

Kwa hiyo Selvarajoo alipokwenda Penang kumtazama binti yao, Vasanthi aliamua. Kadi ya gari ilikuwa na jina lake yeye Vasanthi, kwa sababu mkopo ulichukuliwa kwa mshahara wake wa ualimu. Katika daftari la namba za simu la mumewe alikuta mstari mmoja: Cheong, gereji, Ipoh, Skyline. Akapiga.

"Nauza ile Skyline ya Selvarajoo," alisema. "Ya Taiping."

Cheong akauliza kwa tahadhari: "Mzee mwenyewe ameridhia?"

"Mwenyewe kwenye kadi ni mimi."

Mvua ilipopungua, Cheong akawasili na lori la kubebea magari. Alikuwa mtu wa makamo, mpole, kucha zake nyeusi kwa grisi. Alilifunua gari, akalizunguka mara moja, akapapasa milango, akainama kutafuta kutu kwenye sakafu yake. Hakuomba ufunguo. Akataja bei: ringgit elfu arobaini.

Vasanthi alicheka kwa hasira. "Unanichezea kwa kuwa ni mwanamke. Za namna hii huko kwenu zinauzwa mara nne ya hapo. Nimeuliza."

"Zile ni zile, Mama."

"Na hii ina kasoro gani? Nioneshe mkwaruzo mmoja."

"Bodi ni safi, silikatai hilo." Cheong alijifuta mikono ambayo haikuwa imeloa. "Labda tumsubiri mzee."

Huyu naye, tumsubiri. Vasanthi aliweka kiganja juu ya paa la gari, likawa baridi na laini kama sahani iliyooshwa. Kwa muda alimwona Selvarajoo wa zile Jumapili, mikono ya shati imekunjwa, anaimba nyimbo ambazo hata maneno yake hayajui. Katika ndoa ya miaka thelathini na minne mwanamume yule hakuwahi kujiombea kitu kingine. Alibakiza kidogo tu amwambie Cheong aende zake.

Kisha akaikumbuka wodi, na moyo ukajifunga tena.

"Nimeshamsubiri vya kutosha," alisema. "Nilikuwa kitandani hospitalini, nimewakatalia madaktari kwa sababu ya gharama. Nilisema siuzi nyumba, siombi mtu, nirudisheni nikafie kwangu. Kaka yangu ndiye aliyeingia na pesa. Huyu mume wangu aliingia na machungwa. Lichukue. Ukinipa arobaini sawa, ukinipa thelathini sawa. Sitaki kuliona likirembwa tena mbele ya macho yangu."

Akamsukumia kadi. Cheong hakuipokea. Alisimama akitazama viatu vyake, kisha mlango wa jikoni, kisha viatu tena.

"Mzee alinikataza kusema," alisema hatimaye. "Alisema ukijua utashuka kitandani urudi nyumbani kwa miguu."

"Kujua nini?"

Cheong alipitisha mkono ndani ya mlango, akavuta kamba ya boneti, akaifungua. Ndani palikuwa na tundu kubwa, waya chache zilizofungwa vizuri kwa utepe, na chini yake saruji ya banda.

"Injini ninayo mimi, Mama. Nilimlipa mzee siku mbili kabla ya operesheni yako, pale kwenye benchi la hospitali. Kaka yako alikuwa ameketi katikati yetu, anafundishwa la kukwambia kuhusu kiwanja."