Sekunde Arobaini

Peremende za kikohozi ziligawiwa mlangoni, mbili kwa kila tiketi, na bado mtu akakohoa.

Alikohoa palepale anapokohoa siku zote: ndani ya ukimya wa kile kipande kipya, mpiga filimbi akiwa amenyanyua kidole na ukumbi mzima umebana pumzi. "Khm." Kikohozi kikavu, kimoja tu.

Mpiga filimbi alifumbua macho kwa ghadhabu, akaivamia noti inayofuata kama mtu anayefunga mlango kwa teke. Watu walipiga makofi hadi viganja vikawaka. Nyuma ya jukwaa alitupa leso yake ukutani.

"Ni watu wa Refa hao," alimwambia shemeji yake. Refa ndilo jina alilompachika mpiga filimbi mwingine wa mji huo, akidai filimbi yake inafaa kusimamishia mpira tu. "Wamekula njama. Mara ya ishirini na mbili hii!"

Shemeji yake, mjane wa kaka yake, alikuwa akikusanya karatasi za muziki. Yeye ndiye aliyempigia kinanda katika sehemu ya kwanza ya kila onyesho, ile ya muziki wa kale, kisha huteremka na kuketi na wasikilizaji. Kwenye mabango jina lake liliandikwa chini kabisa, kwa herufi ndogo kuliko za mwenye ukumbi.

"Watu hukohoa, shemeji," alisema.

"Mbona hawakohoi kwenye muziki wa kale?"

Alizipanga karatasi vizuri, akazitia mkobani.

Tusimwonee bwana huyu, kipaji anacho. Muziki wa miaka mia tatu iliyopita aliupiga kwa filimbi ya mti hadi watu wazima wakatafuta leso. Kisha hubadili koti, hushika filimbi ya fedha na kupiga muziki wa leo: hubofya vitufe bila kupuliza, hupuliza bila kutoa sauti, huguna ndani ya bomba, na waliolipia viti vya mbele hutikisa vichwa wasije wakaonekana washamba. Kilele chake ni ukimya. Sekunde arobaini kamili, si thelathini na tisa wala arobaini na moja; ndivyo mtunzi alivyoandika. Wapigaji wengine walijaribu, wakawahi au wakachelewa. Yeye hakuwahi kukosea hata mara moja. Mtunzi, ambaye husikiliza saa ikiwa mkononi, alimwandikia barua ya kumsifu, na barua hiyo ilitiwa fremu ikatundikwa sebuleni, mkabala na kochi la wageni.

Sasa kipande hicho kilikuwa kinarekodiwa. Majaribio mawili yalifanyika mbele ya watu, yote yakaharibiwa na kikohozi. Mtunzi akasema la tatu ndilo la mwisho: kitapigwa mara moja, mfululizo, bila kukata wala kuunga, na kikiharibika, kazi anapewa Refa. Mpiga filimbi hakula siku mbili. Sura ya Refa kwenye jalada la rekodi! Afadhali avunjike mkono.

Akapata dawa: ukumbi mtupu.

Siku ya kurekodi, saa nne asubuhi, walianza na muziki wa kale kupasha vidole moto. Bwana mkubwa alikimbia pale alipojisikia, akajivuta pale alipojipenda, na kinanda kikawa kinamshika mkono taratibu kumrudisha njiani.

"Leo ulikuwa unachelewa kidogo, shemeji," alimwambia walipomaliza.

"Nisamehe."

Kisha akaanza kutoa watu. Mfagiaji nje. Mlinzi nje. Meneja wa ukumbi, ambaye alikuwa na mafua, nje ya jengo kabisa. Wakabaki mtunzi na fundi mitambo, nyuma ya kioo kinene.

"Mimi nitakaa pale pangu, safu ya tatu," shemeji yake alisema.

"Hata wewe una mapafu, shemeji."

"Na zile sekunde? Umezifanyia mazoezi?"

"Kuhesabu ni kazi ya wanafunzi. Mimi arobaini iko damuni."

Yule mama alitafuta maneno yasiyoumiza. "Shemeji, kuna jambo nilitaka kukwambia siku nyingi…"

"Baadaye." Alimfungulia mlango mwenyewe, kwa heshima zote, akaufunga nyuma yake.

Taa nyekundu ikawaka. Alibofya, akaguna, akapuliza upepo mtupu. Akanyanyua kidole.

Kimya kikaingia, na kilikuwa kimya safi. Hakuna kiti kilicholia, hakuna koo lililokwaruza. Alifumba macho, uso umechanua, raha ikampanda hadi utosini. Wapi Refa sasa? Nyuma ya kioo mtunzi alikuwa ameinamia saa yake.

Nje, kwenye korido, shemeji yake alikaa kwenye benchi. Hakusikia chochote, maana mlango ule ulikuwa umejazwa sufi usipitishe hata mlio wa nyundo. Lakini kipande alikijua chote, na tangu taa nyekundu ya juu ya mlango ilipowaka alikuwa akikifuata kwa vidole juu ya goti. Alipofika kwenye ukimya, midomo yake ilianza kucheza. Thelathini na nane. Thelathini na tisa. Arobaini.

Akaweka ngumi mdomoni, akakohoa. "Khm."

Alisubiri kidogo, akiitazama ile taa. Kisha akainuka, akapiga magoti mlangoni, akabandika mdomo kwenye tundu la ufunguo na kukohoa tena, kwa nguvu zake zote.